Kisanduku cha Mkalimani Hakijamfikisha Kiziwi Kwenye Runinga

Kwa miezi kadhaa sasa, kila nikifungua simu nakutana na kipande kingine cha video cha mkalimani wa lugha ya alama. Yupo jukwaani pembeni ya mwanamuziki au ya mhubiri, mikono inakwenda mbio, mabega yanafuata ngoma, uso umechangamka. Chini yake watu wanamwaga sifa: huyu dada anajua, apewe maua yake, aongezewe mshahara. Na katikati ya sifa hizo hakosekani wa kuandika kwamba hatimaye viziwi nao wamekumbukwa. Kauli hiyohiyo nimeisikia hapa Mwanza kwenye daladala ya Igoma, kwa kinyozi, na kwenye jumuiya ya mtaani kwetu. Inasemwa kwa moyo mweupe na watu ninaowaheshimu, wakitolea mfano taarifa ya habari ya saa mbili usiku, ambako mkalimani amekuwa sehemu ya kawaida ya picha, ndani ya kisanduku kidogo kule chini pembeni. Sina ugomvi na furaha yao. Ninachobisha ni hesabu yao. Kisanduku kile kimemfikisha mkalimani kwenye runinga. Kiziwi mwenyewe bado yuko nje ya mlango. Tena, kwa namna kinavyotumika leo, kinatufundisha sisi tunaosikia kwamba kiziwi ni mtu wa kuletewa maneno ya wengine, asiye na lake la kusema.

Maneno mawili yawekwe sawa kwanza, maana makosa mengi huanzia hapo. Naandika "kiziwi" kwa makusudi. Wapo wanaoliona neno hilo kali, wakakimbilia "mwenye changamoto ya usikivu", lakini wenyewe wanajiita hivyo, na chama chao cha kitaifa ni Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA. Neno linalowaumiza ni "bubu", kwa kuwa limebeba dhana kwamba asiyetoa sauti hana lugha. La pili, lugha yao ni lugha ya alama, siyo ishara. Ishara ni kile anachofanya mchuuzi wa dagaa pale Mwaloni Kirumba anapoinua vidole vitatu juu ya kelele za injini, ili mwenzake aliye mbali ajue zinatakiwa ndoo tatu. Ishara hiyo inaishia kwenye ndoo. Haiwezi kusema kwamba ndoo tatu za juzi hazijalipwa, kwamba aliyeahidi kulipa ni shemeji yake, na kwamba safari hii hakopeshwi mtu hata akilia. Lugha ya Alama ya Tanzania, LAT, inayasema yote hayo, na inaweza kuyasema kwa upole, kwa hasira au kwa mafumbo.

Inaweza kwa sababu ina sarufi, na sarufi hiyo haikai kwenye vidole peke yake. Katika lugha nyingi za alama, nyusi zikiinuliwa sentensi inageuka swali, kichwa kikitikiswa inageuka kanusho, na upande mkono unakoelekea unaonyesha nani kamtendea nani. Kwa hiyo uso ule wa mkalimani ambao watu huucheka, wakiuliza mbona anakunja sura hivyo au mbona anatoa macho, ndio penye nusu ya habari. Anayecheka uso huo ni sawa na mtu anayesikia Kichina kwa mara ya kwanza akadhani mzungumzaji anaimba.

Dunia yenyewe ilichelewa kulikubali hili. Mwaka 1880 walimu wa viziwi kutoka nchi mbalimbali, karibu wote wakiwa watu wanaosikia, walikutana Milan, Italia, wakaazimia kwamba mtoto kiziwi afundishwe kutamka na kusoma midomo, na alama zikaondolewa katika shule nyingi. Vizazi vya watoto vilikalishwa darasani mikono ikiwa imefungwa, pengine kwa kamba kweli. Ilipofika 1960, mtaalamu wa lugha William Stokoe, aliyekuwa akifundisha katika chuo cha viziwi cha Gallaudet kule Washington, alichapisha uchambuzi ulioonyesha kwamba alama za viziwi wa Marekani zina muundo wa lugha kamili, na hapo ndipo wasomi walipoanza kubadilika. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006 ulisema wazi kwamba lugha ni za kusemwa na za alama. Tanzania iliuridhia mwaka 2009 na kutunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010.

Majirani zetu wa Ziwa Victoria walikwenda hatua moja mbele yetu. Katiba ya Uganda ya 1995 iliitaja lugha ya alama katika malengo yake ya kitaifa. Kenya, kwa sheria ya 2003, ilivitaka vituo vya televisheni viweke mkalimani au maandishi kwenye taarifa za habari, kisha Katiba yake ya 2010 ikaifanya Lugha ya Alama ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi tatu za Bunge. Afrika Kusini iliifanya lugha yake ya alama kuwa lugha rasmi ya 12 mwaka 2023. Katiba yetu ya 1977 haina neno juu ya lugha ya alama. Nayataja haya kwa sababu nyingine pia. Mtu wa Mwanza mwenye kisimbuzi anaweza kutazama kituo cha Kenya, akamwona mkalimani, akaamini kwamba kiziwi wa Nyakato anamfuata vizuri tu. Sivyo. Duniani zipo zaidi ya lugha 300 za alama, na ziwa letu hili moja limezungukwa na mataifa yenye lugha tatu za alama zilizo tofauti. Hata ndani ya Tanzania, viziwi waliosoma Shule ya Viziwi Tabora, iliyoanza 1963 na kuwa ya kwanza nchini, walikua na baadhi ya alama zisizofanana na za wenzao waliosoma Buguruni, Dar es Salaam. Runinga imetupa picha ya mikono inayotembea, haijatuambia kwamba mikono hiyo ina kwao.

Sasa niwape haki yao wanaokitetea kisanduku, kwa sababu hoja yao kuu ina uzito kuliko wenyewe wanavyoieleza. Wao husema tu kwamba ni vizuri viziwi wapate habari. Mimi nitaongeza. Tafiti za Marekani zimeonyesha kwamba zaidi ya asilimia 90 ya watoto viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia, na yeyote aliyeishi na familia za viziwi hapa Kanda ya Ziwa hatashangazwa na hesabu hiyo. Maana yake ni kwamba mama wa Ukerewe au Sengerema anayegundua kuwa mwanawe hageuki akiitwa huenda hajawahi kukutana na kiziwi mtu mzima maishani mwake. Atazungushwa kwa waganga, ataambiwa mtoto amerogwa au atasema akikua, na miaka ile ambayo ubongo wa mtoto unaikamata lugha kwa wepesi itapita hivihivi. Mama huyo akimwona kwenye runinga mtu aliyevaa nadhifu akizungumza kwa mikono pembeni ya waziri, na mtu huyo hachekwi wala hafukuzwi, kuna kitu kinafunguka. Anajua kwamba mikono inaweza kusema. Huenda mtazamaji muhimu kuliko wote wa kisanduku kile akawa ni mzazi huyo anayesikia, kuliko hata kiziwi anayejua alama tayari. Kwa sababu hiyo peke yake, anayetaka kisanduku kiondolewe, siko upande wake.

Lakini tumfuate mama huyo hatua moja zaidi, tuone amejifunza nini hasa. Ameona kwamba alama ni kazi ya mtaalamu aliyevaa suti. Ameona mtu anayesikia akiwasemea viziwi ambao hawaonekani. Hajamwona kiziwi mwanasheria, kiziwi fundi bomba, kiziwi bibi anayegombana na mwenye nyumba. Hajaona mtoto wa miaka mitano akibishana na baba yake kwa alama kuhusu ugali. Kwa hiyo anachoweza kutamani ni kwamba siku moja serikali itamletea mwanawe mtaalamu yule. Kwamba yeye mwenyewe, leo, jikoni, anaweza kujifunza alama kumi na kuanza kuzungumza na mtoto wake, hilo runinga haijamwonyesha. Imempa lugha kwa sura ya huduma. Anayeiona lugha kuwa huduma hukaa kuisubiri, hata kama ingewezekana kuanza kuizungumza nyumbani usiku uleule.

Na sisi wengine tunaotazama bila mtoto kiziwi nyumbani, macho yetu yanaona mwendo tu, hayaoni maana yake. Ushahidi mkubwa wa jambo hili ulitokea Desemba 10, 2013, kwenye uwanja wa FNB, Soweto, dunia ilipokusanyika kumuaga Nelson Mandela. Thamsanqa Jantjie alisimama kama mkalimani hatua chache kutoka kwa marais, na kwa saa kadhaa akafanya mikono ambayo haikuwa lugha yoyote. Baadaye alieleza kuwa ni mgonjwa, na sina haja ya kumsimanga. Wa kujiuliza ni sisi. Viziwi wa Afrika Kusini waliona papo hapo kwamba hakuna kinachosemwa, wakapiga kelele mitandaoni. Mamilioni ya watu wanaosikia, pamoja na waandaaji waliokuwa pale pale, hawakuona kasoro yoyote, kwa kuwa kwao mkalimani wa kweli na asiye wa kweli walifanana. Kama mwenye kuridhika na kisanduku hawezi kutofautisha lugha na mpungio wa mikono, basi kuridhika kwake hakuwezi kuwa kipimo cha kazi iliyofanyika. Aulizwe kiziwi, basi. Sijawahi kuona kipindi cha televisheni kikimuuliza kiziwi kama alielewa taarifa ya jana.

Mimi nilimuuliza mmoja. Mdogo wangu ni kiziwi tangu alipougua homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka minne. Sasa ni fundi cherehani mwenye kibanda chake Makoroboi, na jirani yake muuza vitenge ana televisheni ya inchi 24 ukutani. Jioni moja niliwakuta taarifa ya habari inaanza, na muuza vitenge, mzee mkarimu kabisa, akanigeukia: "Siku hizi hawa vijana wanaletewa hadi mtu wao." Nilimtafsiria mdogo wangu. Hakujibu. Aliitoa futikamba shingoni, akasogea ukutani, akapima. Kioo kilikuwa na upana wa sentimita 53 na kimo cha 30. Kisanduku kilikuwa sentimita 9 kwa 10. Mkononi mwa mkalimani, kiganja hakikuzidi kifungo cha koti, na kila mkono uliposhuka chini ya kifua, mstari wa habari fupi unaopita chini ya kioo uliufunika. Akapiga hesabu kwa chaki kwenye kitambaa, akanionyesha: kisanduku kilikuwa karibu sehemu moja ya kumi na nane ya picha. (Uingereza mwongozo wa utangazaji umewahi kutaka picha ya mkalimani isipungue sehemu moja ya sita.) Kisha akaniambia kwa alama, polepole, akitaka nimfikishie mzee neno kwa neno: "Mwambie huyo si mtu wetu. Ni mtu wa msoma habari. Ananiletea ya msoma habari. Ya kwangu anampelekea nani?"

Swali hilo ndilo lililonisukuma kuandika. Ukalimani ni daraja, na daraja hupitwa pande zote mbili. Pale Kigongo na Busisi hatukujenga daraja la magari ya kwenda Sengerema yasiyoruhusiwa kurudi. Runinga yetu imejenga hilo. Maneno yanatoka kwa wanaosikia kwenda kwa viziwi, usiku baada ya usiku, na hakuna yanayorudi. Mkalimani hufanya kazi nyingine ambayo watazamaji wengi hawajawahi kuiona: kumtazama kiziwi anayezungumza kwa alama na kuyatoa maneno yake kwa sauti, ili sisi tusiojua alama tusaidiwe. Katika kazi hiyo mwenye upungufu ni sisi. Natamani kila mtazamaji aipitie hali hiyo hata mara moja, akae mbele ya runinga akimsubiri mkalimani amwambie yule mama kiziwi aliyeko kwenye picha amesema nini kilichowachekesha viziwi wenzake waliomzunguka.

Kisanduku cha upande mmoja kina matokeo nje ya runinga, na hapa ndipo ninapoona hatari. Niliwahi kumsindikiza mdogo wangu kutibiwa, na daktari hakumtazama usoni hata mara moja. "Mwulize anaumwa wapi," aliniambia. "Mwambie avue shati." Mgonjwa amekaa sentimita hamsini mbele yake, macho yake mazima, mkono wake tayari uko mahali panapouma. Daktari hakuwa mtu mbaya. Alifanya kile ambacho picha ya kila siku imemzoesha: kiziwi yuko mahali fulani nje ya fremu, na mazungumzo yanapita kwa mtu wa tatu. Vivyo hivyo kwa mwajiri anayesema angemchukua kijana kiziwi ila hana bajeti ya mkalimani, wakati kazi yenyewe ni kupanga mbao au kushona sare, na mafundi wenzake wangejifunza alama za kutosha ndani ya wiki chache. Runinga imemfundisha kwamba kiziwi hafiki popote bila mkalimani wake, kama abiria asiyepanda meli bila mzigo. "Hatuna mkalimani" imekuwa sababu ya heshima ya kumfungia mtu mlango.

Wapinzani wa kisanduku nao wana yao. Wengine wanasema weka maandishi chini ya picha, viziwi watasoma, na mambo yatakwisha kwa bei nafuu. Hoja hii ina nusu ya ukweli. Wazee wetu ambao masikio yamechoka ukubwani hawajui alama hata moja, na maandishi ndiyo yangewafaa. Wapo wengi, na runinga imewasahau kabisa. Lakini kwa aliyekuwa kiziwi kabla ya kukikamata Kiswahili, Kiswahili ni lugha ya pili, aliyojifunza kwa macho, ubaoni, bila kuisikia. Chukua neno moja tu, "hatukuwaambia". Ndani yake mna kukanusha, mna sisi, mna wakati uliopita, mna wao, halafu ndipo kuna kuambia. Mtoto anayesikia amelimeza neno hilo mgongoni mwa mama yake. Mtoto kiziwi hulikuta limeandikwa, kama ukuta usio na mlango, wakati katika alama "sisi" na "wao" wangekaa pande mbili za mwili wake na mkono ungekwenda kutoka upande huu hadi ule. Mwongezee na mwendo wa maandishi yanayopita kwa sekunde tatu. Maandishi na alama vinahitajika vyote viwili, na kimoja hakilipi deni la kingine.

Kuna wanaolalamika kwamba kisanduku kinaziba picha. Wanaolalamika hivyo wamevumilia kwa miaka nembo za kituo, saa, bei za mafuta, matangazo ya bia na mistari miwili ya maandishi, kwa hiyo sitakaa sana hapo.

Hoja dhaifu kuliko zote, na kwa bahati mbaya ndiyo inayosemwa sana kwenye vyumba vya habari, ni kwamba viziwi ni wachache. Tuitazame. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2021 kuhusu usikivu, lilisema zaidi ya watu milioni 430 duniani wana upotevu wa usikivu unaohitaji msaada wa kitaalamu. Mkoa wa Mwanza ulihesabiwa kuwa na watu 3,699,872 katika sensa ya 2022. Si wote wenye usikivu hafifu wanaojua alama, na wanaozijua ni sehemu ndogo yao, hilo nakubali. Lakini tangu lini taarifa ya habari ikatangazwa kwa kuhesabu vichwa? Bei za hisa za Soko la Dar es Salaam husomwa runingani. Ni wangapi katika abiria wa kivuko cha Kamanga wana hisa? Tunazisoma kwa sababu tunaamini mtu mwenye hisa ni mwananchi anayestahili kujua. Uchache hautajwi pale mtu anapoheshimiwa. Na kuna hatari ambayo haiangalii uchache. Utabiri wa upepo mkali ziwani unapotangazwa, mvuvi kiziwi wa Ukara hana ziwa lake la pembeni. Mara nyingi nimeona kisanduku kikitoweka kabla utabiri wa hali ya hewa haujaanza, kana kwamba mawimbi yana ubaguzi.

Iliyobaki ni gharama, na hii ni hoja ya kweli. Mkalimani mzuri hachipuki kama uyoga. Wengi ninaowafahamu walianza kanisani, au ni watoto na ndugu wa viziwi, walijifunza kwa mapenzi wakalipwa kwa shukrani. Ukalimani wa mfululizo huchosha akili kiasi kwamba kwa kawaida wakalimani hupokezana kila dakika 20 au 30, lakini vituo vyetu vingi humwacha mtu mmoja asimame mwanzo hadi mwisho, tena bila kumpa mswada wa habari mapema, akutane na jina la kijiji cha Kongo au neno la kiuchumi kwa mara ya kwanza likiwa hewani. Akikosea, anayepotoshwa ni kiziwi. Akifanya vizuri, anayesifiwa ni yeye. Simwonei wivu sifa zake. Ila naona jinsi sifa hizo zinavyomgeuza kuwa kivutio, hadi watu wanatazama anavyocheza na wimbo na kusahau kwamba kuna mtu aliyekuwa akisubiri maneno ya wimbo huo.

Tukiendelea kukipima kisanduku kwa kuwepo kwake tu, tutafika mahali pabaya zaidi. Tayari kuna vikaragosi vya kompyuta vinavyotengenezwa kufanya alama badala ya mtu. Shirikisho la Viziwi Duniani na chama cha kimataifa cha wakalimani walitoa tamko mwaka 2018 wakionya visichukue nafasi ya binadamu katika matangazo ya moja kwa moja. Kwa kituo kinachotaka tu kitu kinachotikisa mikono pembeni, kikaragosi ni jibu zuri: hakidai posho, hakichoki, hakiugui. Atakayepinga atakuwa kiziwi, na tutamsikiaje, ikiwa tulikwisha jenga mfumo usio na njia ya kurudi?

Ninachodai kinaweza kufanyika hapahapa Mwanza, bila kusubiri Katiba mpya. Kiongezwe kisanduku ukubwa, na mstari wa habari fupi upandishwe juu ya kioo. Kazi ya mkalimani ikaguliwe na viziwi wanaolipwa kwa ukaguzi huo. Uingereza na kwingineko, viziwi wenyewe wenye ujuzi hukaa mbele ya kamera wakitoa habari kwa lugha yao, wakifuata maandishi yanayopita mbele yao. Hakuna sababu ya kiziwi aliyesoma Tabora kushindwa kufanya hivyo. Septemba 23, Siku ya Kimataifa ya Lugha za Alama, isiwe siku pekee ya kumwita kiziwi studioni, tena kuzungumzia uziwi. Aitwe siku ya kawaida, kwa jambo la kawaida. Wakijadili ushuru wa dagaa, aitwe mwanamke kiziwi anayeanika dagaa na kulipa ushuru huo huo, akae kiti cha katikati na wenzake, kamera imchukue uso na mikono yote miwili, mwanga usiwe na kivuli, na ukuta nyuma yake uwe wa rangi moja. Wamtafutie mkalimani wa kike, maana nimewahi kuona mama akipewa sauti nzito ya kiume na hadhira ikaanza kuguna. Mkalimani huyo akae ng'ambo ya meza, nje ya picha, mahali anapoiona mikono ya mama bila kugeuza shingo, kipaza sauti kikiwa mbele yake.